Mamamkwe anakunywa dawa za Kichina kwa siri na kansa imesambaa. Nimwambie daktari?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuja China kusoma, nikaolewa na kijana wa huku, na sasa tunaishi Jinan, mkoa wa Shandong, pamoja na binti yetu na mamamkwe. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa sina mtu wa kumweleza haya kwa lugha yangu, na nikipiga simu nyumbani, habari itakuwa imezunguka ukoo mzima kabla ya magharibi.

Mama ni mtu wa kijijini, wilaya ya Linqu, amelima maisha yake yote. Mwaka jana alianza kushiba upesi. Anakula matonge mawili matatu, anasukuma bakuli. Akapungua hadi nguo zikamvuka. Alipopimwa kwa kamera ya tumboni ikaonekana ni kansa. Alipasuliwa, wakatoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kisha akaanzishiwa tibakemia: dripu ya oksaliplatini na vidonge vya kapesitabini. Yeye hakuambiwa. Wanawe walimwambia ni vidonda vya tumbo vilivyokomaa, na daktari akakubaliana nao kwamba asiambiwe. Nilishangaa, lakini nikanyamaza. Mimi ni mkamwana, tena mgeni.

Baada ya upasuaji, shemeji yangu mkubwa alimtafuta tabibu wa mitishamba huko kwao, mzee anayeheshimika. Alimshika mama mapigo ya mkono, akamtazama ulimi, akaandika dawa. Tangu hapo vifurushi vinakuja nyumbani: mizizi, magome, uyoga mkavu, na unga wa kahawia usio na jina. Kuchemsha ni kazi yangu. Naloweka, nachemsha kwenye chungu cha udongo, nachuja, narudia mara ya pili, nachanganya. Mama anakunywa asubuhi na jioni, anakunja uso, halafu ananishukuru. Na ukweli lazima niuseme: tangu aanze, hamu ya kula ilirudi kidogo na usingizi ukatulia.

Hospitali hawajui. Daktari aliuliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine yoyote, mume wangu akajibu "hapana" kabla sijafungua mdomo. Tulipotoka nje aliniambia wakijua watakasirika, watamwachisha mama matibabu.

Sasa kipimo cha picha cha CT cha juzi kimeonyesha kansa imesambaa kwenye utando wa tumbo, na kuna maji kidogo yamejikusanya. Vipimo vya ini navyo vimepanda, na daktari anatafuta sababu. Anataka kubadilisha dawa. Mzee wa mitishamba anasema tibakemia ndiyo iliyoumaliza mwili wa mama hadi ukashindwa kuizuia kansa, kwa hiyo tuachane na hospitali kabisa, yeye ataongeza dawa kali za kuizuia isiendelee kusambaa. Shemeji kila siku anaweka kwenye kundi la familia makala za utafiti zinazosema mitishamba inazuia kansa ya tumbo kusambaa. Mume wangu yuko katikati, hasemi kitu.

Mimi silali, Shangazi. Najiuliza kama ni mimi niliyeisambaza kwa mikono yangu, kwa hicho chungu. Na najiuliza kama nimwambie daktari. Nikisema, nimemvunjia heshima mume wangu na kaka yake. Nikinyamaza na mama akafa, nitaishi vipi na hilo?

Kuna jambo jingine. Majuzi mama aliniita jikoni akaniambia nimlete binti yangu ajifunze kukunja jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye kijazo ndani, kama anavyokunja yeye, kwa sababu mwaka mpya ujao huenda mikono yake isifae. Kisha akaniuliza: "Vidonda gani hivi vinavyotibiwa kwa dripu?" Nikamwambia chai imechemka.

Mkamwana wa Ugenini

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na nakupa pole ya kweli, kwa sababu katika nyumba hiyo kila mtu ana kipande chake cha habari na wewe ndiye uliyebeba vyote. Daktari anajua kansa lakini hajui chungu. Mzee wa mitishamba anajua chungu lakini sijaona kwenye barua yako kama amewahi kuonyeshwa majibu ya damu. Mama anajua mwili wake lakini hajaambiwa jina la ugonjwa.

Nianze na linalokukosesha usingizi. Kansa ya tumbo ina njia zake za kusambaa. Hupita kwenye tezi za limfu zilizo jirani. Hupita kwenye mshipa unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini. Na ikishafika ukuta wa nje wa mfuko wa chakula, chembe zake hudondoka kwenye uwazi wa tumbo na kujishikiza kwenye utando unaofunika matumbo. Hii ya mwisho ndiyo iliyompata mama. Chembe hizo ni ndogo mno, na kipimo cha CT huzikosa mpaka zikue au maji yaanze kujikusanya. Kwa wagonjwa wengi ambao kansa hii hurudi baada ya upasuaji, hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na mara nyingi mbegu yake ilikuwapo siku ile ile ya upasuaji, imejificha. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba chembe zilizoonekana juzi zilikuwa mwilini kabla wewe hujaloweka mzizi hata mmoja. Hakuna kitu katika barua yako kinachonionyesha kwamba mikono yako ndiyo iliyoisambaza.

Kwa sababu hiyo hiyo, maneno ya mzee kwamba tibakemia ndiyo iliyoifungulia kansa mlango yananipa shaka. Dawa mbili alizopewa mama zilipimwa kwa wagonjwa wa Korea Kusini, China na Taiwan waliokwisha kupasuliwa. Baada ya miaka mitano, kati ya kila 100 waliopewa dawa hizo, 78 walikuwa hai; kati ya 100 waliopasuliwa tu bila kupewa dawa, walikuwa hai 69. Utaona zinasaidia, na utaona pia kuna wanaozinywa na ugonjwa ukarudi. Kansa kurudi haina maana kwamba kuna mtu nyumbani kwenu aliyekosea.

Sasa shemeji yako na makala zake. Nakuomba usimwone kama adui wala mjinga. Anampigania mama yake kwa silaha anayoijua. Na tiba ya asili ya China imetoa vitu vikubwa: artemisinini, ambayo kwetu tunaimeza ndani ya dawa mseto ya malaria, ilipatikana baada ya Tu Youyou kupekua vitabu vya kale vya matibabu vya Kichina, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kuna jingine linalowahusu ninyi moja kwa moja. Irinotekani, mojawapo ya dawa ambazo madaktari huzitumia kansa ya tumbo inaporudi, asili yake ni kemikali iliyopatikana kwenye mti wa Kichina uitwao xishu. Huenda mama akapewa dawa ya mti wa China kwa dripu ile ile ambayo shemeji anaiogopa.

Lakini mwulize kwa upole, au mumeo amwulize: watafiti katika makala hizo walimpa nani hiyo mitishamba? Nyingi za aina hiyo ni kazi za maabara. Walimwagia dondoo la mmea chembe za kansa kwenye kisahani, au waliwapa panya, wakaona chembe zimepunguza mwendo. Hiyo ni habari njema kwa mtafiti, ni mwanzo wa safari ndefu, na mimea mingi hufika hapo ikaishia hapo. Zile zilizofanywa kwa wagonjwa, mara nyingi ni ndogo, na wagonjwa wenyewe walikuwa wakiendelea na tibakemia. Faida inayotajwa zaidi ni hamu ya kula, uchovu kupungua, usingizi. Hayo ndiyo uliyoyaona kwa mama, na siyapuuzi hata kidogo. Mgonjwa aliyekatwa mfuko wa chakula akaweza kula ni jambo kubwa. Ila kutoka hapo hadi kusema "acha hospitali, dawa hii itazuia isisambae" kuna pengo ambalo sijaona ushahidi wa kulivuka. Watanzania tunakumbuka mwaka 2011, foleni za magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na baadhi ya watu walioweka kando ARV zao wakiamini wamepona. Waliokwenda walikuwa na imani na uchungu kama wa shemeji yako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vile vipimo vya ini. Daktari anapoona vimepanda, anajiuliza: ni kansa imefika kwenye ini, au ni oksaliplatini, au ni kitu kingine? Hicho kitu kingine kimefichwa. Anaweza kumpunguzia mama dawa iliyokuwa inamsaidia, au kumwongezea vipimo vya kuchosha, kwa sababu anafanya hesabu na tarakimu moja imefunikwa. Na kuna mimea ya Kichina inayojulikana kuumiza ini. Heshouwu ni mmojawapo. Mzizi wa susi, unaotiwa kwenye michanganyiko mingi, ukitumiwa kwa wingi hushusha madini ya potasiamu mwilini, na mgonjwa anayeharisha kwa kapesitabini tayari anaipoteza. Mimea yenye asidi ya aristolokiki iliharibu figo za wanawake zaidi ya 100 Ubelgiji katika miaka ya 1990, waliokuwa wakinywa vidonge vya kupunguza unene, na baadhi yao baadaye wakapata kansa ya njia ya mkojo. China yenyewe iliuondoa mmea wa guanmutong kwenye orodha ya dawa zake mwaka 2003 kwa sababu hiyo. Sisemi kwamba vimo kwenye chungu chako. Vingi vinavyoandikiwa wagonjwa wa tumbo, kama huangqi, baizhu na fuling, havina sifa hiyo mbaya. Ila unga wa kahawia usio na jina, mwanangu, huo ungenikosesha usingizi mimi pia.

Nataka tuliangalie lile la mumeo, kwamba daktari akijua atamwachisha mama matibabu. Alilisikia wapi? Angekuwa daktari wa mahali ambapo mitishamba ni mwiko, ningemwelewa. Lakini mpo China. Hospitali kubwa huko, hata za kansa, kwa kawaida zina idara ya tiba ya asili ndani yake, na sheria iliyoanza kutumika Julai 2017 inataka tiba hizo mbili ziendelezwe bega kwa bega. Daktari huyo bila shaka ameshawaona wengi wenye chungu nyumbani. Inawezekana hofu ya mumeo si ya daktari. Inawezekana anaogopa kuambiwa mbele ya kaka yake kwamba walichompa mama kimemdhuru. Hofu hiyo inahitaji kushughulikiwa tofauti, na wewe unamjua mumeo kuliko mimi.

Njia unazo, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuanza na mumeo, mkiwa wawili, mbali na simu na kundi la familia. Usimwambie "tumekosea". Mwambie kuhusu ini: kwamba daktari anatafuta sababu, na nyumbani kuna kitu kinachoweza kuwa sababu. Hilo halimshtaki mtu. Hatari yake ni muda. Anaweza kukuomba msubiri, na siku ya kubadilisha dawa ikafika mkiwa bado mnasubiri. Kama utaichagua njia hii, mwekee siku.

Unaweza kuomba karatasi ya mzee, yenye jina la kila mmea na gramu zake, pamoja na huo unga, mkaipeleka idara ya tiba ya asili ya hospitali hiyo hiyo. Naiona hii kuwa njia ambayo shemeji anaweza kuipokea bila kushushwa, maana hakuna anayemwambia mitishamba ni upuuzi. Anaambiwa tu mitishamba ya mama iwe chini ya macho ya mtu anayeyaona na majibu ya damu. Wanaweza kubadilisha mchanganyiko, wakabakiza kile cha hamu ya kula. Wanaweza pia kusema usimamishwe wote hadi ini litulie, na hapo ugomvi ukaanza. Mzee akikataa kutaja kilichomo kwenye unga, jibu hilo nalo litakuwa limewaambia jambo.

Unaweza kumwambia daktari mwenyewe, faragha, bila kumwambia mumeo. Ndiyo ya haraka kuliko zote, na kama mama atageuka rangi ya macho kuwa njano, akachanganyikiwa, akatapika bila kukoma au kutoka damu, basi suala la heshima liwekwe kando siku hiyo hiyo na daktari aambiwe kila kitu. Lakini kama hali imetulia, fikiria utakavyoishi na mumeo baada yake. Siwezi kukupimia ndoa yako.

Na kuna njia ambayo naihofia: kuchemsha maji matupu yenye rangi, au kumwaga dawa kimyakimya. Najua wakamwana waliowahi kuifikiria. Ingekuondolea hofu ya ini, lakini ingeongeza siri ya tatu juu ya siri mbili, na anayedanganywa angekuwa yule anayekushukuru asubuhi na jioni.

Sasa tuzungumze habari ya mama mwenyewe, maana naona nyote mnabishana juu ya kichwa chake. Kansa ikishafika kwenye utando wa tumbo, hospitali nayo kwa kawaida haiahidi kuponya. Dawa za awamu ya pili lengo lake ni kurefusha maisha na kupunguza adha, na kwa wengi muda unaoongezeka huhesabiwa kwa miezi. Mwingine angeitaka miezi hiyo kwa gharama yoyote ya dripu. Mwingine angesema nirudisheni Linqu nikae uani kwangu, nipeni dawa ya maumivu na supu. Yeye angetaka lipi? Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Utasema huko si kwetu. Kweli, lakini hata kwetu wangapi wamezikwa wakiambiwa ni "vidonda" au "presha"? Kuficha ni desturi tunayoijua wote, na mara nyingi huzaliwa na upendo. Ila sheria ya China yenyewe, Kanuni ya Kiraia iliyoanza mwaka 2021, inamtaka daktari amweleze mgonjwa kwanza, na ndugu pale tu ambapo kumweleza mgonjwa haiwezekani au haifai. Na mama yako anajua kusoma hali. Amelala kwenye wodi ya watu wenye dripu kama yake. Ameanza kurithisha ujuzi wa mikono yake. Swali alilokuuliza jikoni, sidhani kama alikuwa anauliza habari za vidonda.

Kumwambia ukweli si lazima kuwe tangazo, wala si lazima iwe kazi yako. Wanawe wana nafasi yao. Lakini akirudia swali lile, unaweza kumjibu kwa swali: "Mama, wewe unaonaje? Ungependa tukueleze kila kitu, au ungependa wanao wabebe?" Wapo watakaosema wabebeni. Hiyo pia ni haki yake, na mtakuwa mmemsikia yeye. Hatari ipo: anaweza kuvunjika moyo, na shemeji anaweza kukuona umeivunja nyumba. Ndiyo maana ningetamani mumeo awe amekaa karibu siku hiyo.

Kuhusu wewe, tafuta mtu mmoja wa kuongea naye Kiswahili kwa sauti, hata kama ni rafiki uliyesoma naye huko. Na kazi ya chungu, kama itaendelea, mumeo naye aamke aichemshe baadhi ya siku. Dawa ya mama yake isiwe dhima ya mkono mmoja.

Nimalize na jambo ambalo hukuliuliza. Linqu inajulikana duniani kwa watafiti wa kansa ya tumbo, kwa sababu ya wingi wake huko. Mwaka 1995 walianza kuwapa wakazi wenye bakteria wa tumbo aitwaye H. pylori matibabu ya wiki mbili tu, na walipowafuatilia kwa miaka 22, kansa ya tumbo miongoni mwao ilikuwa karibu nusu ya wale ambao hawakutibiwa. Katika utafiti huo huo, vidonge vya vitunguu saumu, vilivyotumiwa kwa miaka kadhaa, navyo viliambatana na vifo vichache zaidi vya kansa hiyo. Mweleze shemeji, atafurahi kusikia mmea uliopimwa kwa haki wilayani kwao. Mtoto wa mtu mwenye kansa ya tumbo ana hatari ya kuipata mara mbili hata tatu kuliko mwingine, na bakteria huyo hukaa kwenye familia, watu wanaokula pamoja. Mumeo na kaka yake wakapime, na wewe pia, na mumwulize daktari kuhusu binti yenu. Ni kipimo cha kupuliza pumzi, wanakifanya hapo hapo Jinan. Na kwa umri wao, wale ndugu wawili waulize pia kama imefika wakati wa kupimwa kwa kamera.

Niandikie ukishaongea na mumeo.

Shangazi